Siku Niliyoitwa Mama

Nakumbuka vizuri siku niliyoamkiwa shikamoo kwa mara ya kwanza, mwanangu, na jinsi nilivyonuna. Usicheke. Nilikuwa mbichi bado, nimesuka juzi tu, kitenge kipya kiunoni, nateremka milima ya Mgeta na mama mkubwa wangu tukipeleka karoti kwenye lori la Dar. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia inateleza kama sabuni. Mama mkubwa alibaki nyuma kidogo, goti lake lilikuwa linamsumbua.

Pale mteremko unapokuwa mkali nikamkuta binti amesimama, mtoto mgongoni, tenga la kabichi kichwani. Akaniambia shikamoo mama.

Mama! Mimi huyu! Nilimzidi miaka michache tu. Nikamjibu "mambo", nikageuka pembeni kuweka sawa kitenge changu. Yeye akasita, akaanza kuteremka peke yake.

Mama mkubwa alikuwa amesikia yote. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kelele.

"Amekuambia shikamoo, wewe unamwambia mambo," alisema. "Sasa atakuomba mkono vipi?"

Nikatazama chini. Binti alikuwa anapapasa njia kwa vidole vya mguu, tenga linayumba, mtoto analia. Nilitua karoti zangu pale pale kwenye matope nikamkimbilia, na nilipomfikia mguu mmoja ulikuwa umeshateleza, ameshika majani ya kando. Nikamdaka mkono. Nikampokea tenga. Halafu, sijui lilitoka wapi, nikamwambia, "Marahaba, mwanangu." Akacheka huku machozi yanamtoka, tukateremka pamoja mpaka barabarani.

Yule mtoto wa mgongoni sasa ana wanawe. Akipanda huku na pikipiki yake hapiti mlangoni kwangu bila kuzima injini na kuniamkia, nami naitikia kwa sauti mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia. Wajukuu zangu wa mjini wananishauri nipake piko kichwani kufunika mvi, eti bibi, utaonekana kijana. Nionekane kijana nimpendeze nani? Mvi hizi nimezipata kwa kuishi, na kila nikijitazama naona fahari.

Basi siku na wewe utakapoamkiwa shikamoo, mwanangu, na itakuja mapema kuliko unavyodhani, usikimbilie kioo. Itikia. Kisha simama, umtazame vizuri aliyekuamkia, maana huenda kuna jambo anataka kukuomba na hajui aanzie wapi. Umri mzuri ni ule ambao watu wanaweza kuushika wasianguke.

Mungu akupe miaka mingi, na akupe na watu ndani yake. Uamkiwe asubuhi, uamkiwe jioni, na sauti ya kuitikia isikukauke.