Chachu ya Mama Dahabo na Mikate ya Kambi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuambiwa nikande unga wala nipasue kuni. Fundi Mkuu wa bekari, mzee wa Lamu ambaye hakuvua kofia yake ya kufuma hata mbele ya tanuri, alinifunga macho kwa kitambaa, akaniletea makarai ya unga puani, moja baada ya jingine.

"Nusa," akasema. "Hili limekandwa zamani au sasa hivi?"

"Sijui, Fundi."

"Najua kwamba hujui. Nusa mpaka ujue."

Ilikuwa miezi michache baada ya bendera mpya kupandishwa. Nilikuwa nimekuja Garissa kutoka Balambala, kwetu kwa wafugaji, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuulizia bei ya chumvi tu. Lakini pua haihitaji lugha. Kabla msimu haujageuka nilikuwa nimejifunza kwamba unga uliokandwa sasa hivi hunuka gunia; ulioumuka sawasawa hunuka kama tunda lililoiva; na uliopitiliza huchoma pua. Ninyi vijana mnaoingia kazi ya uokaji leo mna saa ukutani na mizani ya umeme, na ni vizuri. Hata hivyo nawaomba mnuse. Unga hueleza hali yake kabla mtu hajauuliza.

Tanuri letu lilikuwa la matofali, pana kama chumba kidogo. Tulichoma ndani yake kuni za mgunga, kisha tukatoa makaa, tukapangusa sakafu kwa gunia bichi na kurusha unga kidogo. Unga ukiwa mweusi papo hapo, tanuri lina hasira, subiri. Ukigeuka rangi ya kahawia taratibu, ingiza mikate. Hicho ndicho kilichokuwa kipimajoto chetu, na sikumbuki kama kilituangusha.

Bekari ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye sote tulimwita Tajiri. Alikuwa na tenda ya kupeleka mikate kambini kwa askari na bomani kwa makarani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno mkate si kitu kimoja. Askari wengi walitoka nyanda za juu. Walitaka mkate wa kopo, mweupe, laini, wa kuchovya kwenye chai ya maziwa. Makarani wa pwani walitaka boflo lenye ganda gumu la kulia likivunjwa. Fundi Mkuu mwenyewe hakupenda yote mawili. Alisema mkate ni ule wa mofa wa kwao, wa mtama, unaobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo.

Na watu wa mji, yaani sisi, tulikula anjera.

Kwa msomaji asiyeijua, anjera ni mkate mwembamba wa duara, mlaini, wenye vitundu juu kama sega la asali. Unga wa mtama au wa mahindi, ukichanganywa na ngano kidogo, hupigwapigwa na maji kwa kiganja ndani ya chombo mpaka uwe rojo, kisha huachwa uchachuke. Mwanamke anayejua kazi hamalizi rojo lake. Hubakiza kidogo chini ya chombo, na hicho kidogo ndicho chachu ya kesho. Alasiri, ukipita katika mitaa ya Garissa ya wakati ule, ulisikia viganja vikipiga unga nyumba hadi nyumba, ta-pa, ta-pa, ukajua watu wana matumaini ya kuamka.

Mwokaji wa anjera aliyekuwa jirani yetu aliitwa Mama Dahabo. Alikaa upande wa nyuma wa ukuta wa bekari, akitumia makaa tuliyotoa kwenye tanuri, akauza anjera na chai. Mimi aliniita "eeddo", maana yake shangazi, kwa kuwa kwetu shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Nami nikamwita hivyo hivyo.

"Eeddo," aliniambia siku moja akiubonyeza mkate wa kopo kwa kidole, "hii mkate yenu iko na upepo tu ndani. Mtu anakula, anashiba upepo, anasafiri na upepo."

Fundi Mkuu akamjibu kutoka ndani, "Na yako ina matundu, Mama! Upepo wako umeshatoka zamani."

"Angalau yangu imesema kweli!"

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakitupiana maneno juu ya ukuta, na kila mmoja akila cha mwenzake pale mwenyewe asipotazama.

Vita kati ya serikali na wapiganaji wa msituni waliotaka eneo letu lijitenge vilizidi. Kafyu ilianza jua likizama, na moto haukuruhusiwa kuonekana nje. Mume wa Mama Dahabo alikuwa amekwenda na ngamia upande wa Diff, mpakani, kabla barabara hazijafungwa, na hakuna aliyejua habari zake. Kisha ikatoka amri: familia isiyo na kazi inayotambulika mjini ihamishiwe kijiji cha ulinzi, mbali na mji, ndani ya uzio. Mama Dahabo na watoto wake walibaki mjini kwa sababu moja tu, kibali chake cha kuuza chakula. "Baba yao akirudi," aliniambia, "atakuja hapa kwa ukuta huu. Hajui mahali pengine."

Ndipo akaja Bwana Afya. Cheo hicho kilikuwa cha afisa anayekagua maduka, mahoteli na machinjio. Huyu alikuwa mgeni, kijana mrefu kutoka upande wa Mlima Kenya, mwenye haki na bidii. Askari wawili watatu walikuwa wameugua tumbo, na yeye alitumwa kutafuta chanzo. Alikagua tanuri letu akaridhika. Akazunguka nyuma ya ukuta, akafunua chombo cha Mama Dahabo, akainamia, akarudi nyuma upesi.

"Mama, hii imeoza."

"Haijaoza. Imeiva."

"Inatoa povu!"

"Ndiyo, Bwana. Isipotoa povu ndio ulie."

Bwana Afya hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba katika joto kama la Garissa unga uliolala na kutoa harufu kali ni hatari, na kwamba hawezi kuruhusu uuzwe. Alichukua kibali. Lori la kuhamisha watu lingeondoka baada ya swala ya Ijumaa.

Fundi Mkuu alitaka kwenda kumtetea, lakini Tajiri alimzuia. "Tenda yetu iko mkononi mwa watu hao hao," akasema. "Ukimgusa Bwana Afya, umegusa bekari." Tukarudi kukanda, na nyuma ya ukuta hakuna kiganja kilichopiga unga.

Wiki hiyo hiyo msafara wa malori kutoka Nairobi haukufika. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu, na hakuna dereva aliyeruhusiwa kusogea. Unga wa ngano tulikuwa nao. Kilichoisha ni hamira, ile ya dukani ya punje kavu, na bila hamira mkate wa kopo ni tofali. Tajiri alizunguka bekari ameshika kichwa. "Kambi haitaki hadithi," akasema. "Kambi inataka mikate."

Fundi Mkuu alifunua kopo tupu la hamira, akalinusa kana kwamba harufu ingetosha. Kisha akanitazama. "Vitumbua vya kwetu vinaumuliwa na nini usipokuwa na hamira? Na anjera ya kwenu?"

Nilielewa, na nikaona haya. Nilikwenda nyuma ya ukuta. Mama Dahabo alikuwa amekaa juu ya mizigo iliyofungwa, watoto pembeni, na chombo chake kikiwa bado hakijafungwa, kwa sababu chachu hubebwa mwisho ili isimwagike.

"Eeddo," nikasema, "bekari haina hamira. Tunaomba chachu."

Akauliza, "Ya mkate wa kambi?"

"Ya mkate wa kambi."

"Yule aliyesema imeoza ataila?"

"Ataila, wallahi."

Lazima niwaeleze desturi yetu, kwani bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kwetu mwanamke akiombwa chachu hanyimi. Hata aliyegombana na jirani, hata ambao hawajasemezana tangu mvua iliyopita, chombo kikinyooshwa hutiliwa. Hakuna malipo. Anayepewa hubeba deni la namna moja tu: siku mtoaji akipotelewa na chachu yake, naye atarudishiwa. Hivyo chachu ya mji mzima huwa ni moja, imelala katika vyombo vingi.

Mama Dahabo alisimama. Alikuwa na machozi, na alikuwa na hasira, na mkono wake ulichota.

"Mwambie Fundi asiharakishe," akasema. "Hii si ile unga yenu ya duka inaruka kama mbuzi. Hii inatembea kama ngamia. Na asitie chumvi mapema, itakasirika."

Tulikanda unga na chachu ile asubuhi, tukaufunika kwa magunia, tukaungoja. Adhuhuri ilipita haujasogea. Tajiri alikuja kuuchungulia mara nyingi mpaka Fundi Mkuu akamwambia unga hauumuki ukitazamwa na mtu mwenye wasiwasi. Alasiri nikainama, nikanusa. Tunda lililoiva. "Sasa," nikasema, na Fundi Mkuu hakuuliza mara mbili.

Mikate ilitoka mizito kidogo, ganda lake la kahawia iliyokolea, na ndani ilikuwa na uchachu mdogo, wa kutekenya ulimi. Ikaenda kambini.

Kesho yake, Ijumaa yenyewe, Bwana Afya aliingia bekari na kipande mkononi. Tajiri alikimbilia mbele. "Hamira mpya, Bwana! Aina nyingine tu!"

"Aina gani?"

Fundi Mkuu akapangusa mikono kwenye kikoi chake, akasema taratibu, "Ni chachu ya mama wa nyuma ya ukuta. Ile uliyosema imeoza."

Nilidhani bekari imefungwa. Bwana Afya aliuweka mkate mdomoni, akatafuna, akatazama tanuri kama mtu anayetazama mbali.

"Mama yangu hulaza uji wa wimbi," akasema. "Anauacha kwenye kibuyu mpaka uwe mkali. Tukirudi kutoka shambani tunapewa huo. Nilipokula mkate huu jana nilikaa nikijiuliza ni nani aliyeleta uji wa mama hapa." Akapangusa makombo mdomoni. "Wa kwetu huchachuka kwenye baridi. Nilifikiri kwenye joto hili kitu kikichachuka basi kimeharibika."

Akauliza kama yule mama bado yuko. Nilitangulia kumwonyesha. Mama Dahabo alikuwa bado yupo juu ya mizigo yake; akainuka. Alibandika bamba lake juu ya makaa, akamimina rojo kwa mzunguko kuanzia katikati, akalifunika, akampa anjera ya moto na chai. Bwana Afya alikula amechuchumaa. Akaomba ya pili.

"Ni uji wetu," akasema, "ila wenu umelala chini."

Mama Dahabo akawageukia watoto wake. "Mnaona? Kumbe hata Bwana Afya ana mama!"

Safari hii alicheka. Alitoa kibali mfukoni, akamrudishia. Kuhusu askari waliougua, baadaye ilijulikana ni maji ya tangi. Lori liliondoka bila Mama Dahabo.

Vita vilipokwisha niliajiriwa na serikali, nikapelekwa Wajir kuoka katika jiko la shule ya bweni chini ya Bwana Msimamizi, mtu mkali aliyependa mikate iliyonyooka kama askari wa gwaride. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi, hivyo nililazimika kupunguza chumvi kwenye unga, nikaona Waborana wakikaanga kahawa na maganda yake ndani ya samli na kuitafuna pamoja na maziwa. Kutoka huko nilipelekwa Kutulo, kisha Mandera, ambako nilikuta mofa ya Fundi Mkuu kwenye matanuri ya udongo, na anjera inaliwa asubuhi kwa mafuta ya simsim na sukari. Nilimwandikia Fundi Mkuu kumwambia. Alijibu kwamba alijua tangu zamani kuwa Lamu ni kubwa.

Kila nilikohamia nilibeba chachu ya Mama Dahabo katika kopo lenye kifuniko cha kitambaa. Niliilisha unga kila jioni kama mtu anavyomlisha mwana-mbuzi. Niliwagawia wake wa walimu, madereva, mpishi wa zahanati. Sikuwahi kumnyima aliyeomba.

Nilistaafu nikarudi Garissa. Mikate sasa huletwa na magari kutoka Nairobi ikiwa imeshakatwa. Majuzi mjukuu wangu alinipeleka kula pitsa karibu na soko. Niliinusa kwanza, naye akaona haya mbele ya wenzake. Ilikuwa nzuri, ila iliumuliwa haraka. Nikamwambia hiyo nayo ni mkate wa watu fulani, na huko kwao yuko bibi anayelalamika kwamba ya mtaa wa pili haifai.

Mume wa Mama Dahabo alirudi mwaka ule barabara zilipofunguliwa, na ngamia wachache kuliko aliokwenda nao. Aliingia mjini alasiri, majengo yamebadilika, askari wapya, hakumtambua mtu. Alifuata sauti ya kiganja hadi kwenye ukuta.

Na mwaka niliostaafu, kabla sijafungua mizigo, mwanamke mmoja alibisha hodi akiwa na chombo kitupu. Alikuwa binti mkubwa wa Mama Dahabo. Mto Tana ulikuwa umefurika, nyumba yao imeingia maji, na chachu ya mama yake imekwenda na mafuriko.

"Mama anasema wewe unayo," akasema.

Nikamfungulia kopo, nikachota.