Salamu ya Bawa

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege, lakini alikuwa na malalamiko dhidi ya ndege yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilirusha ndege ndogo ya injini moja, nikipeleka watalii kwenye kiwanja cha vumbi karibu na Kimana na kuwarudisha Nairobi. Njia yangu ilipita kando kidogo ya boma letu, Kitengela. Jumapili moja mama aliniwekea chai, akabaki amesimama.

"Unapita hapa kila siku kama gari ya serikali," alisema. "Hata supa ya salamu hakuna. Kwani mimi ni mama ya nani?"

Nikamweleza kwamba ndege haina honi. Aliniangalia vile alivyomwangalia ndama anayekataa kunyonya, akaenda zake.

Kwetu mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Nilipotahiriwa niliacha hayo mambo. Mwanamume hupeana mkono na watu, hata na mama yake, na mimi nilijiona mwanamume kwelikweli. Nadhani kiganja cha mama hakikuzoea kukaa bure.

Basi nikabuni salamu. Kesho yake nilitoka kwenye njia yangu, nikapita juu ya boma na kuinamisha bawa la kushoto. Chini nikaona shuka nyekundu ikitoka mbio nyumbani, kisha mkono ukainuliwa, kiganja wazi kikinielekea. Alikuwa ananigusa kichwa. Nilicheka mpaka mtalii aliyekaa nyuma akanishika bega kuuliza kuna nini.

Ikawa mazoea. Nilijua ni makosa. Sisi wa ndege ndogo tulikuwa tumepewa njia yetu, chini na pembeni, kwa sababu ndege kubwa zilizoteremka kuelekea uwanja mkubwa zilipita juu ya mbuga hiyohiyo. Ni dakika mbili tu, nilijiambia. Kijana mwenye leseni mpya ni mtu wa kuogopwa.

Asubuhi moja ya Julai mawingu yalikuwa yameshuka, kama kawaida ya Julai kwetu. Nilikuwa peke yangu, na kreti mbili za nyanya za Kimana kwenye kiti cha nyuma. Macho yangu yalikuwa chini, yakitafuta shuka nyekundu. Niliiona, nikaanza kuinamisha bawa. Nilipoinua macho, ndege kubwa ilikuwa imetoka kwenye wingu mbele yangu, magurudumu yameshateremshwa. Haikuonekana kusogea. Ilikuwa inakua tu.

Niliilaza ndege yangu kulia kwa nguvu zote. Ile kubwa nayo ikainua pua na kulalia upande wake. Niliona magurudumu yake mawili mawili, na madirisha yakiwa kwenye mstari mrefu. Halafu upepo wake ukanishika, nyanya zikaruka mpaka kwenye kioo, na kwa muda sikujua mbingu iko wapi. Nilipoirudisha ndege mikononi mwangu nilikuwa chini kiasi cha kuona mbuzi wakitawanyika. Redioni mtu alikuwa anaita namba yangu, tena na tena.

Nilitua. Kwenye ripoti niliandika kwamba mawingu yalinipotezea njia. Nikasimamishwa kazi miezi mitatu, na jioni hiyo nikaenda nyumbani kumwambia mama kwamba salamu zetu zimekaribia kuua watu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta nje, katikati ya wanawake wa kanisani kwake, pamoja na jirani yetu Mkamba ambaye mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha simiti.

"Huyu hapa!" mama alipiga kelele. "Kuja uwaambie! Ile kubwa pia imenisalimia! Uliiambia nini?"

"Mimi niko shahidi," jirani alisema. "Nilikuwa naanika nguo. Zote mbili ziliinama, moja huku, ingine huku. Hata niliangusha beseni."

Mama akawaonyesha alivyoinua mikono yote miwili, mmoja kwa kila ndege. Uso wake ulikuwa uking'aa. Hakuwahi kuwa mzuri hivyo maishani mwake, na sasa nilikuwa nimekuja kumpokonya furaha hiyo. Nilimpenda mno jioni ile, na nilikuwa mwoga. Hayo mawili yakasaidiana.

"Yeyo, mama yangu," nikamwambia, "ukishasalimiwa na mkubwa wao, sisi wadogo tunaambiwa tupite wima."

Alifikiri kidogo. "Ni sawa," alisema. "Ni heshima."

Miezi mitatu nilichunga ng'ombe wake nikijifanya niko likizo, naye akanilisha kama mgonjwa. Kisha nikarudi angani. Sikuinamisha bawa tena. Nilipita mbali, kwenye njia yangu, na kila mara nilimwona mtu mdogo sana mwenye shuka nyekundu ameinua mkono.

Miaka ikapita. Mbuga ikakatwa ploti, ng'ombe wetu wakahamia kwa binamu kule Mashuuru, ghorofa zikaota hadi kwenye uzio wetu. Mimi nikaacha kurusha ndege. Macho ya mama yakafifia, akawa anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, na kila akisikia mngurumo juu anainua kiganja. Na kila mgeni alisimuliwa habari ya ndege kubwa iliyomsalimu. Kila aliposimulia niliangalia viatu vyangu.

Siku moja alimsimulia muuguzi aliyekuja kumpima presha. Muuguzi alicheka vizuri, akamshika mkono, akaondoka. Nikashindwa kuendelea. Nikavuta kigoda, nikamweleza yote: njia niliyoiacha, wingu, magurudumu, ripoti niliyodanganya. Nikamwambia kwamba ile kubwa haikuwa inamsalimu.

Jogoo wa jirani alipita mbele yetu, akarudi.

"Ilikuwa inakuogopa," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Yeyo."

"Na ni mimi nilikuita pale."

"Hapana. Mimi ndiye nilikuwa na usukani."

"Walikuwa watu wangapi ndani?"

"Zaidi ya mia mbili."

"Na watoto?"

"Sikuona. Lazima walikuwako."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Badala yake alinyoosha mkono hewani, akinitafuta.

"Leta kichwa," alisema.

Nilikuwa na mvi, baba wa watu. Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti, nikainama kama nilivyoinama mara ya mwisho kabla ya kutahiriwa. Kiganja chake kikatua utosini, chepesi na kikavu, na mimi nikalia bila aibu.

Mngurumo ukasikika. Ndege kubwa ilikuwa inashuka kutoka upande wa Kajiado. Bila kuondoa mkono kwangu, mama aliinua ule mwingine, midomo yake ikisogea polepole kama anayehesabu. Ndege ilipita, ikatokomea nyuma ya ghorofa, mlio wake ukaisha kabisa. Mkono bado ulikuwa juu.

"Yeyo, imeshapita," nikamwambia.

"Najua," alisema. "Walikuwa wengi. Ngoja nimalize."