Doa kwenye Kioo cha Maman Furaha

Cheka ukitaka, lakini haya sikusimuliwa na mtu. Ilikuwa saa nane mchana, nimetoka kula, sina homa wala sijalewa. Mimi ni fundi wa laptop, mtu wa skrubu na waya. Kwetu Tanga watu wakianza habari za majini nilikuwa naondoka zangu, zinanichosha. Nakueleza hili kwa sababu kuna mwanamke aliyeamini kwa miaka miwili kwamba mumewe alikufa ana kinyongo naye, na mimi, bila kutaka, ndiye niliyekabidhiwa jibu.

Meza yangu iko nyuma ya duka la nywele za bandia, pale Porte de Namur, huku ughaibuni. Mteja anasimama upande wa pili wa kaunta inayomfika kifuani, kwa hiyo namwona kuanzia hapo kwenda juu, basi.

Maman Furaha aliniletea laptop yake siku ya Alhamisi. Ni mama wa Bukavu, anatunza wazee mtaa wa Uccle, na alikuwa amejiandikisha kusomea unesi. Laptop yenyewe ilikuwa bibi kizee: ukiiwasha, nenda kachemshe chai urudi. Kioo kilikuwa hafifu, ukisogea pembeni kidogo huoni kitu, na juu kushoto kulikuwa na doa jeusi ukubwa wa yai.

"Maman, nunua nyingine," nikamwambia. "Hii imeshastaafu."

"Hapana, tonton. Iyi ndiyo nilikuwa naongeleaka na bwana yangu, kila dimanche, miaka tisa. Uniwekee écran mupya, uifanye iende mbio. Lakini usinipe ingine."

Huyo bwana wa kila Jumapili yuko wapi, sikuuliza. Nikianza kuuliza wateja ya nyumbani kwao, kazi nitafanya saa ngapi?

Jumamosi nikaifungua. Nikatoa diski ya zamani nikaweka SSD yenye kasi, nikaongeza RAM mpaka mwisho wa uwezo wake. Nikabandua fremu ya kioo, nikafungua skrubu nne, nikachomoa kile cha zamani na kuweka kipya chenye plagi ileile. Nikawasha. Wallahi, ilipendeza! Rangi zimejaa, maandishi makali, na inawaka kabla hujakaa sawa. Kioo cha zamani nilikilaza kwenye kaunta. Hakikuunganishwa na chochote, hakina waya, hakina umeme, naomba ulishike hilo.

Nina desturi moja: kila nilichotoa namrudishia mwenyewe ndani ya mfuko. Nyumbani, fundi asiyerudisha kifaa cha zamani anaitwa mwizi, na desturi hiyo nimehamia nayo huku. Siku hiyo mifuko ilikuwa imeniishia. Nikasema, ah, uchafu huu ataufanyia nini? Nikakinyanyua nikitupe kwenye boksi la vibovu.

Mtu akasema, "Unaniona?"

Nikainua kichwa. Upande wa pili wa kaunta amesimama mwanaume wa makamo, shati la mikono mifupi la buluu, na nje mvua ya baridi inanyesha tangu asubuhi. Shati lilikuwa kavu. Kipaji cha uso na jicho la upande wangu wa kushoto vilifunikwa na weusi. Nikadhani ni alama ya kuzaliwa, nikaona haya kumkodolea macho.

"Unanisikia?" akasema tena.

Hapo ndipo nikamtazama mdomo. Midomo ilitangulia, sauti ikafuata. Alifunga mdomo, ndipo nikasikia mwisho wa neno. Umewahi kuongea na mtu wa nyumbani kwa video, mtandao ukiwa dhaifu? Basi ni vilevile, ila huyu ningeweza kumgusa begani.

"Nakusikia, papa," nikajibu. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Bon. Umuambie Furaha, ile dimanche sikumukatia. Ni courant ya umeme ndiyo ilikatika, siku tatu haikurudia. Sikukuwa na kasirani. Umuambie."

Nikamuuliza, wewe ni nani? Akaganda. Mdomo wazi nusu, mkono mmoja juu, jicho halipepesi. Nikamwita mara mbili, nikazunguka kaunta mbio. Hakuna mtu. Dada muuza nywele, aliyekaa mlangoni muda wote, akaniuliza, "Unaongea na nani huko?" Aliniapia kwamba hajaingia mtu tangu saa sita.

Sikutupa kile kioo. Nilikitafutia mfuko.

Nakwambia ukweli, sikutaka kusema kitu. Nani anataka fundi mwenye wazimu? Maman Furaha alikuja Jumatatu, akaijaribu laptop, akacheka kwa jinsi kioo kilivyong'aa. Nikampa na mfuko wake. Alipogeuka kuondoka, maneno yakanitoka: "Maman, kuna mtu alikuja." Nikamweleza lile shati, ile sauti, na ule weusi usoni kama alama ya kuzaliwa.

Uso ukambadilika. "Bwana yangu hakukuwa na alama. Na bwana yangu alikufa, tonton. Usinichezee."

Ningenyamaza hapo, lakini wapi! "Amesema ile dimanche hakukukatia," nikasema. "Ni courant ndiyo ilikatika. Hakuwa na kasirani."

Akakaa kwenye kiti cha wateja wa nywele, laptop mapajani. Jumapili ile ya mwisho, akasema, alimwambia mumewe kwamba amechoka kukimbizana na viza ya kumleta huku, pengine kila mmoja aishi maisha yake. Mumewe akainua mkono, akafungua mdomo, na video ikakatika. Aliamini amekatiwa kwa hasira. Na yeye akashika kiburi, hakupiga tena. Jumatano akapigiwa simu kutoka Bukavu: moyo umesimama. Habari ile ya kukatika hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye kitubio.

Kisha akafungua mfuko, akatoa kioo cha zamani, akaweka kidole juu kushoto. "Weusi ilikuwa huku?"

"Hapohapo, maman."

"Kila dimanche nilikuwa namuambia: papa, usogee, doa inakufunika." Akaanza kulia kwa sauti, watu wa dukani wakageuka. "Muntu mwingine hakumuonaka vile. Ni mimi tu."

Na mimi nililia, sina la kuficha.

Alipotulia akaniambia, "Unirudishie écran yangu." Sikubishana. Nilikitoa kipya nikarudisha cha zamani palepale mbele yake. Nikawasha. Uhafifu ni uleule, ukisogea pembeni huoni kitu. Lakini juu kushoto palikuwa peupe, safi. Doa la kioo haliponi, ndugu yangu. Nimefungua laptop miaka kumi na minne, haliponi. Na hilo halikuwepo.

Maman Furaha alipitisha kidole pale pembeni, akapitisha tena.

"Sasa ndiyo ningemuona muzima," akasema.

Anasomea hapohapo mpaka leo, amekunja macho, na kioo kipya hataki kukisikia. Kiko kwenye rafu yangu, wateja wanakiulizia, siuzi. Na mimi video siwezi tena. Mtu akianza tu na "unaniona, unanisikia," natazama upande wa pili wa kaunta. Nyumbani napiga simu ya sauti tu. Juzi tuligombana na kaka yangu, laini ikakatika katikati ya neno. Nilipiga mara nne mpaka akapokea.

Fanya hivyo na wewe. Ikikatika, piga tena, siku hiyohiyo, hata kama ni wewe uliyekosewa. Usikae ukajipangia maneno ambayo mwenzio hakuyasema. Huenda wakati huohuo amekaa gizani anapapasa kiberiti, anakuita jina lako.