Maua Yenye Majina ya Moteri

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau njia ya kwenda msikitini, yenyewe sitaisahau. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa magari hapa hapa mtaani Buyenzi, mikono myeusi kwa oili na kichwa kimejaa majivuno. Mama yako Zuhura alikuwa na miaka minane. Siku hiyo nilimdanganya kuhusu ua, na kwa uongo ule nusura nipoteze kitu ambacho hakuna duka la piesi za gari linalokiuza.

Nakuambia haya kwa sababu ya jana. Nilipokuja kwenu Kibenga niliwakuta wewe na watoto karibu na ziwa, mmechuchumaa kwenye nyasi, madaftari wazi, na moyo wangu ulifurahi sana. Nikasema, kumbe ndiyo hii shule ya nyumbani ambayo watu wanaisema-sema. Kisha yule mdogo akakuuliza jina la kiua cha zambarau. Ukatazama simu, ukatazama ua, ukataja jina moja la Kifaransa haraka haraka, halafu ukanitupia jicho kuona kama nimesikia. Nilisikia, mwanangu. Usione haya. Kaa, chai bado iko, nikueleze yangu, maana yangu yalikuwa mabaya zaidi.

Mama yako alikuwa na pumu. Vumbi la barabara, moshi wa magari, kukimbia kidogo tu, basi kifua kinabana na midomo inabadilika rangi. Mwaka ule daktari akasema apumzike shule. Dada yangu, yaani bibi yako Mwanaidi, hakuwa mwanamke wa kukaa akilia. Alimkalisha Zuhura na mdogo wake Maimuna kwenye mkeka uani, akawafundisha kusoma na hesabu huku anachagua mchele. Mi nikapewa kazi yangu.

"We unapenda kutembea," aliniambia. "Mara mbili kwa juma, asubuhi, mbele vumbi iamke, uwapeleke batoto bakaone vitu Mungu ameumba. Na bakirudi baandike."

Basi tukawa tunatoka umande ukiwa bado mbichi. Tunapita magereji yaliyofungwa, tunashuka polepole mpaka ukingo wa mto Ntahangwa. Nilidhani naenda kupoteza wakati wangu. Kumbe mi niliyezaliwa pale sikuwa nimeona chochote! Kuna mmea mmoja una vijani vidogo, ukivigusa vinajikunja. Mama yako alipovigusa mara ya kwanza alikaa chini kabisa kwa kicheko, akagusa tena, akamlazimisha Maimuna naye aguse, na baada ya dakika tano mi, fundi mzima, nimepiga magoti kwenye umande nagusa jani moja baada ya jingine. Kuna maua ya njano yaliyonipita urefu. Kuna mengine meupe, mbegu zake zinashika nguo utadhani zimeshonwa, tulikuwa tunarudi nazo mpaka kwenye soksi. Siku za matembezi niliamka bila kuitwa na mtu.

Sasa siku hiyo ninayokuambia, Zuhura aliinama penye unyevu akaona kiua cha buluu, kidogo, petali mbili zimesimama juu kama masikio ya panya.

"Mujomba, hii jina yake nani?"

Mwanangu, neno "sijui" lina herufi tano tu, lakini lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Watoto wale waliamini mjomba wao anajua kila kitu, na mi nilipenda waamini hivyo. Nikakohoa kidogo. "Vilebrequin," nikasema.

Vilebrequin ni kile chuma kilichopinda-pinda ndani ya moteri, yaani injini, chenye kuzungusha gari. Nilikuwa nimekifungua jana yake. Lakini ukikitamka polepole, kwa Kifaransa cha puani, unaweza kudhani ni ua la bustani ya waziri. Wakalirudia wote wawili. Zuhura akaliandika kwa mwandiko mzuri, akaniuliza kama mwisho ni e au i.

Baada ya hapo nikanogewa. Nilikuwa na akili ya mwizi: sikuthubutu kusema bougie, ile plagi, wala pneu, yaani tairi, maana Buyenzi hata paka anazijua. Nilichagua vyuma vya ndani kabisa. Lile la njano likawa Culbuteur. Lile lenye kushika nguo likawa Soupape. Kichaka kimoja nilikiita Arbre à cames, na kwa kuwa arbre kwa Kifaransa ni mti, nikajiona hapo nimesema nusu ya kweli. Tuliyakausha maua kati ya magazeti, chini ya supringi ya lori, na mama yako akayabandika kwenye daftari, kila moja na jina lake, kumi na manne. Alitembea nalo kwapani nyumba nzima.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikatika pale pale mtoni. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Siwema, muuza dawa za miti. Asubuhi moja tulimkuta anakata majani ya kile kichaka. Zuhura akamwendea kwa furaha yote, akamsalimu, akasema, "Bibi, unajua unakata Arbre à cames?"

Lo! Bi Siwema alikuwa mjane wa fundi wa magari. Miaka yake yote ya ndoa alifua kombinezoni zenye oili na kusikia majina yale yakitajwa mbele ya sahani. Akaomba daftari. Akalifungua ukurasa kwa ukurasa, na mi jasho likanitoka ingawa jua lilikuwa halijapanda. Hakucheka. Hakunifedhehesha mbele ya watoto, Mungu amrehemu. Aliwatuma wakamchumie majani kule mbele, kisha akaniuliza taratibu:

"Uyu mutoto akikosa pumzi, nani anamushika mugongo?"

"Ni mi, bibi."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia itapita."

"Na anatulia?"

"Anatulia."

"Anatulia sababu anakuamini. Vidonge vinakuja nyuma ya hiyo. Sasa siku atajua we unamupa vyuma vya gari unasema ni maua, ile 'itapita' yako ataiweka wapi?" Akafunga majani yake kwenye kitenge. "Kuuliza si ujinga, kijana. Kutojua si aibu. Aibu ni hii yenye unafanya."

Siku mbili nilizunguka na maneno yale. Nilijiambia nitatengeneza kimya kimya, nibadilishe majina moja moja mpaka asahau. Lakini mficha uchi hazai. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta uani na daftari lake nikamwambia bila kuzunguka. "Zuhura, majina yote nilikupa ni ya uongo. Mi sijui maua. Nilikupa majina ya vyuma."

Hakulia. Alifungua daftari akaweka kidole kwenye kile kiua cha buluu. "Na hii?" Nikasema uongo. Akafungua ukurasa wa pili. "Na hii?" Uongo. Akaenda hivyo mpaka la kumi na nne, hakunisamehe hata moja. Kisha akalifunga, akaniuliza bila kunitazama: "Na ile itapita?"

Nimebeba moteri za lori maishani mwangu, lakini sijapata kubeba kitu kizito kama swali lile. Nikamwambia kweli. "Ile pia nilikuwa sijui. Nilikuwa naomba Mungu tu." Akageukia ukuta. Juma zima hakutoka na mi. Maimuna alikuja mlangoni kwangu na viatu tayari, akangoja, akarudi kwao. Niliumia, mwanangu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya nane jirani akawa anapulizia gari rangi, na upepo ukatuletea harufu yote. Nikiwa gereji nilimsikia bibi yako ananiita, nikakimbia. Nilimkuta Zuhura ameinama, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Nikamshika mgongo. Lile neno likanijia mdomoni lenyewe, kwa mazoea, naye akanitazama, analingoja aone kama nitalisema. Nilijua kabisa kwamba nikilisema hataliamini, na hofu itamla pumzi kidogo aliyobaki nayo.

"Sijui itapita saa ngapi," nikamwambia. "Kidonge umemeza. Jirani amesimamisha rangi. Mama yako iko hapa, na mi siondoki. Ivyo ndivyo najua. Hesabu na mi. Moja."

Akanitazama kwanza. Halafu akapumua pamoja na mi. Moja, mbili, tatu. Tulifika mia mbili na kitu, mi mwenyewe nasikia kizunguzungu, ndipo mabega yake yakashuka. Alipopata sauti, neno la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Ile ya buluu. Kesho tumuulize Bi Siwema." Nililia mbele ya dada yangu na sikuona haya.

Ah, kesho yake ungetuona! Bi Siwema akatuambia kile kiua kwa Kirundi ni uruteza. Zuhura akaandika, na pembeni akaongeza: kasema Bi Siwema. Kisha hatukushikika tena. Fundi cherehani jirani na msikiti akasema lile lenye mbegu za kushika yeye analiita shona-nguo, tena ni fundi mwenzake asiyelipa kodi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akasema apana, kwao linaitwa vingine. Karani mmoja wa mtaa wa Rohero aliyekuja kuchukua gari lake akaleta jina la tatu, la Kifaransa, safari hii la kweli, na yeye na yule wa Uvira wakabishana mpaka gari likasahauliwa juu ya jeki. Watu waliokuwa wakiyakanyaga maua yale tangu utoto wakaanza kuyaleta gerejini. Wengine waliyaficha kofiani wasichekwe. Zuhura akaandika kila jina na kila msemaji, hata yaliyopingana. Nyuma ya daftari akafungua ukurasa mwingine, juu akaandika HATUJUI BADO, na huo ndio aliupenda kuliko kurasa zote, kwa sababu ndio uliotuambia asubuhi twende wapi.

Pumu ilimfuata miaka mingi. Kila ilipokuja aliniita mi, nami nilimwambia ninachokijua, na nisichokijua nikakiri.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto akikuuliza jina la ua na hulijui, sema sijui, iseme kwa sauti na kwa furaha, kisha mshike mkono mkatafute. Muulizeni mama anayelima mchicha bondeni, muulizeni mlinzi wa nyumba ya jirani, muulizeni mzee anayepita, na muandike nani kasema nini. Simu nayo iulizeni, ila ikikisia, waambie watoto imekisia. Usiwe na pupa ya kuwa mjuzi mbele yao. Wanahitaji mtu wa kutafuta naye kuliko mtu wa kuwajibu. Na jua kwamba ua ni mazoezi tu. Iko siku watakuuliza neno lisilo na kitabu, neno la maradhi au la msiba, na siku hiyo watalipima jibu lako kwa kipimo cha majibu madogo madogo uliyowapa walipokuwa wamechuchumaa kwenye nyasi.

Nenda sasa, watoto wanakungoja na jua halijawa kali. Mungu akupe magoti yasiyochoka kuinama nao, akuoneshe kila asubuhi kitu usichokijua, akulinde ulimi wako na majivuno yaliyonishika mi. Na siku mmoja wao atakapokuita kwa hofu, akujalie aamini utakachomwambia.