Majina Niliyoyafuta kwa Chokaa

Kuna siku moja ya mwanzo wa Novemba ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nakusimulia leo nikiwa bibi mwenye wajukuu hapa Shanwe, maana nimesikia nawe umepewa kazi ya kuwatembeza wageni kule misheni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Chini ya kanisa letu la zamani kuna chumba cha makaburi. Unashuka ngazi za matofali, baridi inakupokea, na marehemu wamelazwa ndani ya kuta, kila mmoja kwenye shimo lake lililozibwa. Mapadri wa kwanza waliwekewa mawe yaliyochongwa majina. Upande wa pili wamelala watu wetu saba waliolijenga kanisa lile, na majina yao yaliandikwa kwa makaa tu.

Basi, Siku ya Marehemu Wote ilikuwa inakaribia, na desturi yetu ni kuyapaka makaburi chokaa. Niliambiwa nipake. Nami nilikuwa na kimbelembele, nataka wageni wanisifu. Yale makaa nikayaona uchafu, nikayapiga chokaa mara mbili, kuta zikang'aa. Nilijipongeza kweli!

Siku yenyewe nikashuka na mahujaji kutoka Usevya. Niliwaeleza habari za mapadri, nikitia chumvi kidogo, si unajua ujana. Mama mmoja mtu mzima hakunisikiliza. Alikuwa anapapasa ule ukuta mweupe.

"Binti, baba yangu Kalenga alikuwa huku. Mbona simwoni?"

"Mama, we sali tu, Mungu anawajua wote," nikamjibu, nikawageukia wenzake.

Yule mama akakaa sakafuni, akalia. Picha ya baba yake hakuwa nayo, hata moja. Jina lile ukutani ndilo pekee lililokuwa limebaki. Aibu niliyoiona pale sijaiona tena.

Katekista wetu, Mzee Kasiano, alikuwa nyuma yetu na alisikia yote. Alisubiri wageni wapande, akaniambia bila kupaza sauti, "Umepaka vizuri, binti yangu. Sasa wewe uliyejua kufuta, ujue na kurudisha. Kawaulize wazee kabla hawajatutoka."

Niliona ananionea. Lakini nilimfuata yule mama, nikamwomba radhi. Akanieleza kwamba baba yake ndiye wa kwanza kutoka ngazini, kwa kuwa ndiye aliyefyatua matofali ya ngazi zile. Anayemfuata ni shemeji wa baba yake, seremala, ambaye ukoo wake uko Sibwesa. Nikaenda Sibwesa. Kule wakanitajia wa tatu. Nikazunguka hivyo kijiji kwa kijiji, kwani kila ukoo ulimjua wake na jirani yake pale ukutani, na kila nilipofika nilikaribishwa ugali na kusimuliwa mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Wa saba tu sikulipata jina lake; ukoo wa yule wa sita ulijua tu alikoishi mjukuu wake wa mwisho, wakanielekeza. Mjukuu huyo alikuwa amezikwa wiki chache kabla sijapiga hodi, na hilo linaniuma hadi leo.

Pasaka iliyofuata tukapiga lipu mpya. Yule mama akaja kutoka Usevya, akasema jina la baba yake ataliandika mwenyewe. Hakujua kusoma wala kuandika. Nikamshika mkono, tukachora kwa msumari kwenye lipu mbichi, herufi moja moja, yeye akilitamka jina kwa sauti na kucheka kama msichana.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwe mwepesi wa kusafisha usichokijua. Uliza kwanza. Wageni ukiwashusha, anza na watu wetu, utaje kila mmoja na kazi yake, na yule wa saba useme jina lake tulilipoteza, ndipo uende kwa mapadri. Na wazee wa ukoo wako wangali hai, kaa nao uwarekodi na hiyo simu yako, tena uanze leo. Mungu akupe masikio yenye subira na miaka mingi ya kuyatumia, na siku utakapolala nawe, asikosekane mtu wa kukuita kwa jina lako.