Sindano ya Mzee Kioko

Siku isiyonitoka akilini, mwanangu, ni ile Jumatatu ya mwezi wa sita niliyosimama uwanja wa ndege wa Embakasi na viatu vipya miguuni, mzee wa watu akiniuliza swali moja tu mbele ya mtaa mzima. Nakusimulia nikiwa na hasira, na usiniambie nipoe. Hasira hii kwanza ni juu yangu mwenyewe, halafu ni juu yako. Jana nilikuuliza: unaenda Guangzhou, Uchina, na mama yako mwezi ujao, karatasi za mama umezifikisha wapi? Ukanijibu mimi nyanya yako huku unacheka, "Itajipa, shosh." Itajipa! Ni nani aliyekudanganya kwamba mambo hujipa yenyewe? Keti basi, usikie lililonipata mimi niliyesema kama wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa kikundi cha wachongaji kule Pumwani. Kwetu kulikuwa mtaa wa Mbotela, Nairobi, na nyumba ya tatu kutoka yetu alikaa Mzee Kioko. Huyu alikuwa ametoka Ukambani akiwa kijana, akachonga miaka arobaini. Twiga, vifaru, akina mama wanaotwanga, vyote vilitoka mikononi mwake. Vinyago vile vilizungushiwa magazeti, vikapigiliwa ndani ya makasha, vikaenda ng'ambo. Vilikoishia hakuwahi kujua.

Siku moja ikaja barua kutoka Hong Kong, mji wa bandari huko Uchina, wakati huo bado uko mikononi mwa Waingereza. Mwenye duka mmoja aliyenunua vinyago vyetu alikuwa akiandaa maonyesho, na alitaka watu wawili: mmoja wa kuchonga mbele ya watu, mwingine wa kutafsiri. Tiketi angetuma yeye. Wachongaji wote walimtaja Mzee Kioko kwa sauti moja. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya Kiingereza changu tu, na kichwa kikanivimba hapo hapo.

Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alisema. "Sina haja ya kununua kitu huko, Mumbua. Nataka kuona mtu ameiweka kazi yangu nyumbani kwake. Niione mara moja, kabla haya macho hayajafunga." Na kweli yalikuwa yanafunga. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili lilikuwa linafuata, na hospitalini walishamwambia hawana la kufanya. Alikuwa akichonga kwa kupapasa na kidole gumba zaidi ya kutazama. Sote tulijua ni mwaka huo au basi.

Karatasi zake zote zikaingia mkobani mwangu. Sisi watu wa mitaa hii tuna kosa letu: akipatikana mmoja anayejua Kiingereza, wazee humkabidhi maisha yao na hawamuulizi mara ya pili. Pasipoti nilizishughulikia zote mbili, sikatai. Ikabaki sindano ya homa ya manjano, maana ndege ingepitia Bombay, na bila kadi ya njano huko hupiti. Yangu nilidungwa mapema sana. Nilikuwa nimeshuka mjini kupigwa picha ya studio, nikaona nimalizane nayo siku hiyo hiyo. Ya mzee? Nitampeleka kesho. Kesho ikawa wiki.

Unajua nilikuwa wapi, mwanangu? Nilikuwa naaga! Kaloleni nimeaga, Bahati nimeaga, Makadara nimeaga, kila nyumba chai na mandazi, kila nyumba wananipa orodha ya saa na redio za kuwaletea. Kwa fundi cherehani nilirudi mara nne kwa sababu ya kola. Mitaani watu wakabishana kama Hong Kong kuna theluji. Nairobi ilikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, na kila mtu alidhani dunia nzima inatetemeka, basi wakamtafutia mzee koti zito la sufu kwa mkwewe. Koti lilipatikana kabla ya sindano. Ebo! Hata leo nikilikumbuka nataka kujizaba kofi.

Mara tatu aliniuliza. "Mumbua, ile sindano?" Nami nikamjibu, "Bado kuna muda, mzee. Kawia ufike." Methali ya wazee nikaigeuza mto wa kulalia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hiyo nayo niliijua, lakini sikuitamka.

Zikiwa zimebaki siku tatu ndipo nikampeleka hospitalini. Sista wa chanjo akamdunga, akaandika tarehe, akanigeukia na kuniambia kwa Kiingereza kwamba kadi hiyo haitambuliki mpaka siku kumi zipite. Nilimsikia. Nataka hilo ulishike, kwa maana nimewahi kuwaambia watu kwamba sikujua. Nilijua! Tukatoka hadi kwenye korido, mzee akauliza, "Amesemaje?" Nikamtazama usoni, nikasema, "Amesema uupumzishe mkono." Nilijiambia kwamba kadi ya mzee wa miaka sabini hakuna atakayeikagua. Ningemwambia ukweli, tungempelekea mwenye duka simu ya upepo, telegramu, tukaomba safari isogezwe wiki moja. Lakini mimi nilishaaga. Ningerudi vipi Bahati kuwaambia bado nipo?

Siku ya safari mtaa ulikodi basi. Akina mama wa kanisa waliimba njia nzima, mzee ameketi mbele ndani ya koti lake, mfuko wa patasi juu ya magoti. Tulipofika meza ya ukaguzi pale uwanjani, kijana wa kukagua kadi akaichukua ya mzee, akaitazama, akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Huyu mzee hawezi kupanda. Bombay watamfungia karantini." Alisema kwa adabu kabisa. Nikaanza kubwata kwa Kiingereza changu chote, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia maneno yale yale.

Nyimbo zikakatika. Mzee Kioko akanigeukia, akainamisha kichwa jinsi alivyozoea ili anipate kwa lile jicho lililobaki. "Mumbua. Ulikuwa unajua?"

Nikaviinamia viatu vyangu vipya. Hilo lilimtosha.

Akavua koti taratibu, akamrudishia mkwewe. Hakunitukana. Laiti angenitukana! "Nenda," akasema. "Kadi yako wewe iko sawa." Na mimi, mwanangu, nikaenda. Nilipanda ile ndege. Hapo ndipo huwa naficha uso. Ningeweza kugeuka nikarudi naye nyumbani, aibu tuigawane. Viatu vipya havikunipa ruhusa.

Huko Hong Kong hakukuwa na theluji wala nini. Joto la mvua, jasho linatiririka toka asubuhi, nguo zinakataa kukauka. Kwenye maonyesho walikuwa wametayarisha meza, gogo, na kiti cha mchongaji. Nilisimama kando ya kiti kitupu siku tano nikieleza kazi nisiyoijua. Mzee mmoja wa huko, mchongaji naye, alikuja siku tatu mfululizo na patasi zake zimeviringishwa kwa kitambaa. Alitaka kukutana na mwenzake. Kila siku aliuliza, kila siku niliomba radhi, siku ya nne hakuja.

Siku ya mwisho mwenye duka akanialika chakula kwa mama yake, ghorofa ya kumi na mbili. Kwenye kabati, karibu na picha za wazazi wao waliotangulia, mahali wanapowawashia ubani, niliona kinyago cha mama anatwanga. Nikakigeuza chini. Alama ya Mzee Kioko ilikuwepo, mikato mitatu. Yule bibi akaniambia amekaa nacho miaka kumi na moja na hukifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Nililia mbele ya watu nisiowajua, wakadhani nimekumbuka nyumbani.

Niliporudi sikupitia hata kwetu. Nilikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mzee Kioko, nimejaa habari yangu, nikidhani nimempelekea fidia. Alikuwa ameketi kibarazani na kipande cha mti mkononi. Nikaanza: kabati, picha, ubani, yule bibi na vumbi lake. Akanyanyua mkono nikome.

"Mimi sikutaka kuambiwa, Mumbua. Nilitaka kuona."

Akaendelea kupapasa mti wake. Kabla ya mwaka kwisha lile jicho lilifunga, na barua nyingine haikuja. Aliishi miaka minane baada ya hapo, na kila nilipompitia aliitikia salamu yangu vizuri, hakuwahi kunisema tena. Alinisamehe, naamini. Mimi sijajisamehe, na wala sitaki.

Basi nisikie. Mtu mzima akikupa karatasi zake, amekupa miguu yake. Anza na zake, zako zifuate. Chanjo kwanza, viza kwanza, koti na kuaga baadaye, tena ukiweza usiage hata mtu. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, mwambie ukweli papo hapo kwenye korido, kungali na muda wa kusogeza safari. Safari husogezwa, mwanangu. Macho ya mtu hayasogezwi. Na ukiona mwenzako amezuiwa kwa kosa lako, usithubutu kupanda.

Nimemaliza, na hasira haijaisha, lakini haitanizuia kukuombea. Mungu akufungulie njia wewe na uliyekabidhiwa, akupe ulimi mzito wa kudanganya na miguu myepesi ya kutumwa, na akurudishe mlangoni kwa mtu yeyote bila kuogopa atakalokuuliza. Amina. Sasa inuka umpeleke mama yako, kliniki inafungwa saa kumi.