Kengele Mgongoni mwa Mama

Baada ya kutangatanga miaka mingi nilirudi Manyatta, nikaamua kuoa. Jumamosi niliendesha baiskeli kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Wanja. Kwenye kijia nikamkuta mama aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, uso hauonekani. Zamani tulikuwa tukishuka, tukimsalimia mkubwa, ndipo tupite. Mimi nilipiga kengele mgongoni mwake. Akarukia mtaroni, majani yakamwagika.

“Pole, mama! Nachelewa kwa wakwe!” nikasema bila kusimama.

Kwa kina Wanja nilipewa chai. Nilikuwa nikimsifia babake adabu ya vijana wa enzi zetu mlango ulipofunguka. Mama akaingia, majani yamemganda kitambaani.

“Wanja,” akasema, “mwambie mgeni wako hata wakwe wamechelewa. Walikuwa mtaroni.”